Amri Haina Njeo: Historia ya Maelekezo ya Kujenga Maktaba za Michoro katika Simu za Mkononi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilizaliwa penye majahazi, lakini inafaa vilevile kwa vile vinavyoelea juu ya kioo cha simu: herufi, ramani, picha na michezo. Hakuna hata kimoja kinachojichora chenyewe. Nyuma ya kila mstari unaoonekana kuna maktaba ya michoro, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa ili programu nyingine ziutumie kuchora mistari, kujaza rangi, kupanga herufi na kusogeza picha. Maktaba hiyo huandikwa kwanza kama matini ambayo binadamu anaweza kuisoma. Haifanyi kazi mpaka ijengwe, maana yake igeuzwe kuwa lugha ya mashine inayoeleweka na prosesa ya aina fulani. Kwa kuwa kazi hiyo ina hatua nyingi, kila maktaba huambatana na maelekezo: pakua zana hizi, taja folda ile, andika amri hii, kisha ile.

Makala hii inachunguza historia ya maelekezo hayo kuanzia mwaka 1992 hadi mwaka 2025, kwa kuangalia hasa simu za Android, ambazo ndizo zilizoenea Afrika ya Mashariki na ya Kati. Hoja yake ni kwamba maelekezo ya kujenga huzeeka kwa namna ambayo lugha yenyewe haiidhihirishi. Sentensi hubaki sahihi kisarufi huku habari yake ikiwa imekwisha muda. Katika Kiswahili jambo hilo lina chanzo kinachoonekana wazi katika mofolojia, kwani kitenzi cha amri hakibebi alama ya njeo. Anayelipa gharama ya kuzeeka huko ni msomaji aliye mbali zaidi na mahali maelekezo yalipoandikwa.

Msomaji huyo anachukuliwa hapa kuwa kijana wa Luvungi, mji mdogo wa bonde la Ruzizi, katika uchifu wa Bafuliiru, teritwari ya Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5 iunganishayo Bukavu na Uvira. Ili hali yake ieleweke, inafaa kwanza kufuata historia ya maelekezo yenyewe.

2.0 Kabla ya simu janja (1992–2008)

Mwaka 1992 kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani ilitoa OpenGL, yaani kanuni za pamoja za kuagiza chipu ya michoro ichore. OpenGL haikuwa maktaba moja bali mapatano: kila mtengenezaji wa mashine aliweza kuandika maktaba yake, ilimradi iitikie majina yale yale. Mwaka 1993 Brian Paul alianza kuandika maktaba huria iliyofuata mapatano hayo, akaiita Mesa. Toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1995.

Maelekezo ya kujenga programu huria za miaka hiyo yalikuwa mafupi. Kwa desturi yalikuwa na amri tatu: ya kwanza ilichunguza mashine, ya pili ilijenga, ya tatu iliweka matokeo mahali pake. Ufupi huo ulitokana na hali moja, kwamba mashine iliyojenga ndiyo iliyotumia. Jambo lolote ambalo mwandishi hakulitaja, mashine yenyewe ingeliulizwa papo hapo: prosesa yake ni ya aina gani, ina zana zipi, folda zake zimepangwaje. Maelekezo yaliweza kunyamaza kwa sababu mashine ilijibu.

Simu ilivunja utaratibu huo. Simu za mwanzo wa karne ya 21 zilikuwa na kumbukumbu ndogo na prosesa dhaifu, hata haikuwezekana kujengea maktaba ndani yake. Ilibidi kompyuta ijenge kwa niaba ya simu, yaani mashine moja itoe msimbo ambao yenyewe haiwezi kuuendesha. Tangu hapo maelekezo yalihitaji kutaja mambo ambayo zamani hayakutajwa: aina ya prosesa ya simu, toleo la mfumo wake, na mahali zilipo zana za kujengea.

Kanuni za kuchora nazo zilipunguzwa ili ziingie katika simu. Khronos, umoja wa kampuni ulioundwa mwaka 2000, ulitoa OpenGL ES 1.0 mwaka 2003, ukaiondolea OpenGL mambo mengi yasiyo ya lazima. Mwaka 2007 ikafuata OpenGL ES 2.0, nayo haikuendeleza ile ya kwanza bali iliiacha kando. Msimbo ulioandikwa kwa toleo la kwanza haukukubaliwa na toleo la pili bila kuandikwa upya. Kwa hiyo, hata kabla simu ya kwanza ya Android haijauzwa mwaka 2008, tayari kulikuwa na maelekezo ya namna mbili yenye jina karibu moja, na yaliyofaa kwa moja hayakufaa kwa nyingine.

3.0 Enzi ya Android (2009–2025)

Android ilikusudiwa programu zake ziandikwe kwa lugha ya Java. Lakini maktaba nyingi za michoro ziliandikwa kwa lugha za C na C++. Kwa ajili yake Google ilitoa, mwezi Juni 2009, mkoba wa zana uitwao NDK. Ndani yake mlikuwa na kompaila, yaani programu inayogeuza matini kuwa msimbo wa mashine, pamoja na mafaili yanayoeleza mfumo wa simu. Historia ya maelekezo ya kujenga maktaba za michoro kwa Android ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuukimbilia mkoba huo kila ulipobadilika.

Mfano wa kwanza ni SDL, maktaba ya michoro na sauti iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998, ambayo toleo lake la pili lilitoka rasmi mwaka 2013. Maelekezo yake ya Android yalimtaka msomaji asasishe mradi kwa amri ya zana za Android, ajenge msimbo wa C kwa NDK, kisha afungashe programu kwa zana iitwayo Ant. Mwishoni mwa mwaka 2014 Google ilitoa Android Studio 1.0, iliyotumia Gradle badala ya Ant, na mwaka 2015 ikaacha kuitunza njia ya zamani iliyopitia Eclipse. Mwaka 2017 amri yenyewe ya kusasisha mradi ikaondolewa katika zana. Maelekezo ya SDL yakaandikwa upya kufuata Gradle. Nakala za maelekezo ya Ant, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha sambaa katika vitabu na kurasa za mafunzo, na hakuna aliyezirudisha.

Mfano wa pili ni raylib, maktaba ndogo iliyoanzishwa na Ramon Santamaria mwaka 2013 kwa ajili ya kuwafundishia wanaoanza. Toleo lake la 1.2, la Septemba 2014, liliongeza Android. Njia ya siku hizo ilikuwa kuchomoa kutoka NDK seti ya zana iliyolengwa kwa prosesa moja na toleo moja la Android, kuiweka katika folda ya pembeni, kisha kuitaja folda hiyo katika faili la kujengea. Mwezi Januari 2019 NDK r19 iliondoa haja ya hatua hiyo, kwani kompaila iliweza kuitwa moja kwa moja pale ilipo. Hatua iliyokuwa ya lazima ikawa mzigo usio na faida, na faili la kujengea likabidi libadilishwe.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ya kompaila yenyewe. NDK ilianza na GCC. Mwaka 2016, kwa toleo la r11, GCC ilitangazwa kuwa njiani kuondoka. Mwaka huo huo, kwa r13, kompaila iitwayo Clang ikawa ndiyo ya kawaida. Na mwezi Septemba 2018, kwa r18, GCC ikaondolewa kabisa pamoja na maktaba za msingi za C++ zilizoizoea. Maelekezo yoyote yaliyotaja GCC kwa jina yalikufa siku hiyo kwa mtu yeyote aliyepakua NDK mpya.

Mambo hayakuwa tofauti kwa maktaba kubwa. Skia, maktaba ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na ambayo huchora sehemu kubwa ya kinachoonekana katika Android, ilihamisha maelekezo yake ya kujenga kutoka mfumo wa GYP hadi mfumo wa GN. Katika Mesa, zile amri tatu za kale zilifutwa mwaka 2019, na nafasi yake ikashikwa na mfumo wa Meson.

Pamoja na mabadiliko ya zana kulikuwa na mabadiliko ya masharti. Android 5.0, ya mwaka 2014, ilileta prosesa za biti 64. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2019 duka la Google Play lilidai kwamba programu mpya na masasisho yenye msimbo wa C yawe na sehemu ya biti 64. Kisha duka hilo likatangaza kwamba, kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 na kuendelea lazima yaweze kuendeshwa katika simu zinazogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16, badala ya kilobaiti 4 zilizozoeleka tangu mwanzo. Maktaba ya michoro iliyojengwa kwa kipimo cha zamani ilibidi ijengwe upya, hata kama hakuna herufi moja ya matini yake iliyokuwa na kosa.

4.0 Mstari mmoja na simu ya IDEOS

Kusasisha maelekezo kunaweza kuonekana kuwa kazi ya karani: neno moja hufutwa, jingine huandikwa mahali pake. Kisa cha simu ya IDEOS kinaonyesha kwamba neno moja linaweza kubeba kizazi kizima cha watumiaji.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 kampuni ya Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu ya IDEOS iliyotengenezwa na Huawei. Bei yake, takriban dola 80 za Marekani, ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na simu nyingine za Android za wakati huo, na kwa watu wengi wa Kenya ndiyo iliyokuwa Android ya kwanza kushikwa mkononi. Ilikuja wakati mwafaka: kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na jukwaa la watengeneza programu la iHub lilikuwa limefunguliwa Nairobi mwaka 2010. Simu hiyo ilitumia Android 2.2. Prosesa yake ilikuwa ya kizazi cha ARMv6, yenye kasi ya megahezi 528, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256. Haikuwa na uwezo wa OpenGL ES 2.0.

Aliyetaka maktaba yake ya michoro ifanye kazi katika IDEOS alipaswa kuijenga kwa lengo lililoitwa armeabi, lililokusudiwa prosesa za kizazi cha zamani. Simu za bei kubwa zilitumia armeabi-v7a, lengo la kizazi kilichofuata, ambalo IDEOS haikulielewa. Tofauti katika maelekezo ilikuwa silabi chache mwishoni mwa jina. Kwa mtumiaji, tofauti hiyo iliamua kama programu itafunguka au haitafunguka.

Mwaka 2018, kwa toleo la r17, NDK iliondoa armeabi. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake: simu mpya za aina hiyo zilikuwa zimekoma kutengenezwa, na kuendelea kuzihudumia kulichelewesha kazi nyingine. Waandishi wa maelekezo wakafuta jina hilo katika orodha ya malengo. Ni wachache walioandika kando yake kwamba armeabi ilikuwa nini, ilihudumia simu zipi, na kwamba aliye na simu ya namna hiyo angeweza bado kujenga kwa kutumia NDK r16 au ya kabla yake. Kwa kukosekana sentensi hiyo moja, aliyebaki na simu ya zamani hakuambiwa kwamba njia yake imefungwa, wala kwamba kuna uchochoro. Alisoma orodha isiyomtaja, akadhani kosa ni lake.

Hapo ndipo panapoonekana tofauti kati ya kufuta na kusasisha. Anayefuta huondoa kilichokufa. Anayesasisha hueleza pia kilikufa lini, na aliyekitegemea aelekee wapi.

5.0 Sarufi ya kuzeeka

Mwanaisimu ana la kuuliza hapa. Kwa nini matini ya namna hii huzeeka kimyakimya, ilhali habari ya gazeti au barua huonyesha umri wake mara moja?

Sehemu ya jibu imo katika kitenzi. Habari ya gazeti husema: waziri aliwasili, mvua imenyesha, mkutano utafanyika. Viambishi -li-, -me- na -ta- humfunga mwandishi na wakati wake. Maelekezo husema: pakua, fungua, andika, jenga. Kitenzi cha amri katika Kiswahili ni mzizi mtupu pamoja na irabu ya mwisho. Hakina nafasi ya njeo. Hata kikigeuzwa kuwa dhamira tegemezi, upakue, ufungue, uandike, njeo haimo. Kiambishi hu- nacho hakisaidii: sentensi "amri hii hujenga maktaba" hudai kwamba jambo ni la siku zote. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa mwaka 2012 na yaliyoandikwa mwaka 2024 huweza kufanana kisarufi kwa kila hali, na msomaji hana dalili ya ndani ya kumwonyesha yapi ni ya jana na yapi ni ya leo.

Jambo hili si geni nje ya kompyuta. Mtu aelekezwaye njia huambiwa: ukifika kwenye mwembe, pinda kushoto. Mwembe ukikatwa, sentensi haina kosa lolote. Njia ndiyo iliyopotea. Tofauti ni kwamba njiani kuna watu wa kuulizwa, lakini mbele ya kioo cha kompyuta msomaji mara nyingi yuko peke yake.

Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha namna nne za kuzeeka. Ya kwanza ni jina kufa, kama ilivyokuwa kwa GCC katika NDK. Namna hii huumiza kidogo, kwa kuwa mashine hukataa waziwazi na msomaji hujua hapo hapo kwamba kuna kasoro. Ya pili ni jina kubaki na maana kubadilika. Amri ya ndk-build ilikuwapo kabla ya mwaka 2016 na iliendelea kuwapo baadaye, lakini kompaila iliyoitwa nayo haikuwa ile ile. Msimbo uliopita bila neno mwaka 2015 uliweza kukataliwa mwaka 2017 kwa amri isiyobadilika hata herufi.

Ya tatu ni sharti lililonyamaziwa. Maelekezo yote hufuatwa, hatua zote hufaulu, maktaba hujengwa, na mwishoni duka huikataa kwa sababu ya biti 64 au ya kurasa za kilobaiti 16. Namna hii ni mbaya kuliko mbili za kwanza, kwani kosa hudhihirika baada ya kazi yote kwisha. Ya nne ni mahali pa kupatia zana kuhama: maelekezo humtuma msomaji kwenye duka au folda ambayo imekwisha achwa na wenyewe.

6.0 Msomaji wa Luvungi

Katika bonde la Ruzizi lugha zina ngazi. Kifuliiru ni lugha ya nyumbani kwa wengi, Kiswahili ni lugha ya soko, barabara na kanisa, Kifaransa ni lugha ya shule ya sekondari na ya ofisi. Maelekezo ya kujenga maktaba za michoro huandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa msomaji kama huyo ni lugha ya nne. Anaweza kuzifahamu amri, maana hizo ni alama za mashine na hazitafsiriwi. Anachokosa ni maneno yaliyo kati ya amri: onyo, sharti, mfano, na ile sentensi ndogo isemayo kwamba hatua hii haihitajiki tena. Na kama ilivyoonyeshwa, uhai wa maelekezo umo katika maneno hayo.

Gharama yake hupimika kwa megabaiti. Mkoba wa NDK una ukubwa wa mamia ya megabaiti. Mwenye intaneti ya waya hupakua toleo lisilofaa, akalifuta, akapakua jingine bila kuhesabu. Anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu hulipa kila mara anapokosea. Kwake, maelekezo yasiyotaja toleo ni sawa na bidhaa isiyo na bei: atajua gharama baada ya kutoa fedha.

Tena, katika mji mdogo ambako kompyuta ni chache kuliko simu, wapo wanaojifunza kuandika programu kwa simu yenyewe. Programu ya Termux, iliyotolewa mwaka 2015, iliwezesha jambo ambalo miaka kumi nyuma halikuwezekana: kuweka kompaila ndani ya simu na kujengea humo maktaba. Ile hali ya kale ya mashine moja kujenga na kutumia ikarudi kwa njia isiyotarajiwa. Lakini hata hapo kuzeeka kulifuata. Android 10, ya mwaka 2019, iliweka kanuni mpya za usalama zilizozuia programu zinazoilenga kuendesha mafaili zilizojipakulia katika folda zake. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa mwaka 2020 Termux iliacha kwa muda wa miaka kadhaa kusasishwa katika duka la Google Play, na watumiaji wakaelekezwa kwenye duka huria la F-Droid. Maelekezo mengi yaliyokuwa yakisema "pakua Termux kutoka Google Play" hayakurekebishwa. Aliyeyafuata alipata programu inayofunguka vizuri, kisha ikashindwa kuleta zana.

Je, kutafsiri maelekezo kwa Kiswahili kungetosha? Historia inashauri tahadhari. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, iliyothibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kupatikana katika lugha hii. Lakini programu yenyewe haikusimama kungoja tafsiri. Mwaka 2010 LibreOffice ilijitenga na OpenOffice, na mwaka 2011 OpenOffice ikakabidhiwa kwa wakfu wa Apache. Kila hatua kama hiyo humdai mfasiri arudi kazini. Tafsiri ya mara moja huganda siku ilipotolewa, na msomaji wa lugha iliyotafsiriwa hubaki na umri wa matini ambao msomaji wa lugha ya asili amekwisha uvuka. Tafsiri isiyotunzwa humpa Mswahili maelekezo yale yale yaliyozeeka, na safari hii anayaamini zaidi kwa kuwa yamo katika lugha yake.

Tatizo la istilahi nalo lipo, ingawa si kubwa kama linavyodhaniwa. Kenya na Tanzania zenyewe hazikukubaliana upesi baina ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mkongo wa mashariki husema kutelesharje pale ambapo Mtanzania husema kupakua. Viwango vya kimataifa vya majina ya lugha navyo vinaitambua tofauti hiyo: Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha pwani. Hata hivyo, mtu hazuiwi kujenga maktaba na neno kutelesharje. Anazuiwa na neno lisiloandikwa: tarehe.

7.0 Hitimisho

Ikiwa kitenzi cha amri hakina njeo, njeo haina budi kuwekwa nje ya kitenzi. Kiswahili kina vifaa vyote vya kufanya hivyo. Kina masharti ya -ki- na ya ikiwa. Kina hadi na tangu. Kina wakati uliopita. Maelekezo ya zamani yangesema: "Pakua NDK. Chomoa seti ya zana. Jenga kwa armeabi. Ijaribu katika simu." Maelekezo yaliyosasishwa, si kufutwa tu, yangeweza kusema: "Maelekezo haya yalijaribiwa mwaka 2024 kwa NDK r27. Hadi r18 ilikuwa lazima kuchomoa seti ya zana; tangu r19 hatua hiyo haihitajiki. Ikiwa simu ni ya biti 64, jenga kwa arm64-v8a. Ikiwa ni ya biti 32, jenga kwa armeabi-v7a. Simu za armeabi ziliachwa mwaka 2018; mwenye nayo atumie r16 au ya kabla yake. Ukikusudia duka la Google Play, hakikisha kurasa za kilobaiti 16: katika r27 lazima uliombe jambo hilo, tangu r28 hufanyika lenyewe."

Matini hiyo ya pili ni ndefu, na ina viambishi vya -li- ambavyo mafundi wengi wasingevitarajia katika maelekezo. Lakini kwa msomaji wa mbali, sentensi hizo za wakati uliopita ndizo zenye faida kuliko zote. Humwambia asipakue nini. Humwambia kwamba rafiki yake aliyefaulu mwaka 2017 hakusema uongo, na kwamba yeye aliyeshindwa baadaye hakukosa akili. Yaani maelekezo mazuri yana historia ndani yake.

Idara za Kiswahili zimezoea kuitwa pale maneno mapya yanapotakiwa. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wito huo uliongezeka, na ni wito wa haki. Lakini kuunda istilahi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitunza matini baada ya kuandikwa: kuisoma upya kila mwaka, kuijaribu, kuandika tarehe ya jaribio, na kueleza kilichobadilika. Kazi hiyo haihitaji maabara kubwa. Inamhitaji mtu anayejua lugha, pamoja na simu moja ya kujaribia, hata ya bei ndogo. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa Nairobi au Dar es Salaam. Anaweza vilevile kukaa Luvungi, na hapo atakuwa wa kwanza kuona maelekezo yanapoanza kumdanganya msomaji.